Maswali ya wasomaji: Mradi wa kijijini na uongozi wa mwanafunzi

Barua nyingi za safari hii zimetoka vyuo vya Uganda. Vijana wanataka kuitumikia jamii na papo hapo wajifunze kuongoza, na karibu wote wamekwama mahali pale pale: shughuli ya siku moja inapendeza, kazi ya miezi minne inawashinda. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

Sisi ni wanafunzi 22 wa mwaka wa pili, Mbarara. Kijiji tumeshapata na wazo tunalo: kuchimba mashimo ya taka nyumba kwa nyumba. Bango limechapishwa. Jumamosi tukifika, tuanze na nani?

Jumamosi waende watatu tu, na bango libaki bwenini. Watu 22 wakishuka kwenye taksi kwa pamoja, kijiji kinajua kimeletewa jambo lililokwisha kuamuliwa, na kitawakubalia kwa adabu tu.

Kabla ya hapo, tafuteni barua ya chuo yenye muhuri, ya idara au ya ofisi ya mlezi wa wanafunzi, mtoe nakala tatu. Moja ni ya afisa maendeleo ya jamii wa gombolola, moja ya mkuu wa parishi (ya serikali, chini ya gombolola, si ya kanisa), moja ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mwenyekiti asisikie habari zenu kutoka kwa jirani. Kamati yake ya LC1 ina watu kumi, na makosa ya wageni wengi ni kuzungumza naye peke yake. Ombeni kukutana pia na katibu wa wanawake, wa vijana na wa watu wenye ulemavu. Halafu watafuteni wahudumu wa afya wa kijiji, wale wa VHT. Hao wanajua nyumba ipi haina choo, nani ana mtoto mchanga, nani haelewani na nani. Saa moja ya kutembea nao inazidi dodoso la kurasa sita.

Mkutano msiuitishe nyinyi. Ombeni dakika ishirini ndani ya mkutano wa kijiji ambao ungefanyika hata bila nyinyi. Ulizeni siku ya soko, ulizeni saa ambazo watu wako shambani. Kukitokea msiba, kila kitu kinasimama, nanyi msimame. Watakaokwenda mazikoni, hata wawili tu, watakuwa wamefanya kazi ambayo hotuba haiwezi kuifanya.

Mkishapewa nafasi, maswali ni matatu: hapa mlishawahi kujaribu nini? Kilipoharibika nani alikitengeneza? Sasa kimebaki nini? Wanawake wasikilizeni kando na wanaume, kwa sababu mwanamume atawaambia barabara, na mwanamke anayebeba jerikeni atawaambia jambo jingine.

Kuhusu mashimo ya taka, tuna shaka. Vijijini Mbarara maganda ya matoke huliwa na ng'ombe au hurudishwa chini ya migomba kama mbolea. Kinachobaki ni nailoni kidogo. Huenda mmeibeba shida ya mjini mkaipeleka mahali isipokuwepo. Kulizika wazo lenu wenyewe mbele ya wenzenu 21, tena bila kumwaibisha aliyelileta, ndilo somo la kwanza la uongozi mtakalolipata. Msiliruke.

Klabu yetu ya Mbale inataka kulinda chemchemi moja inayotumiwa na nyumba kama 80. Tumeambiwa ni kazi ya saruji na mawe tu. Ni kweli?

Saruji ndiyo sehemu rahisi. Muoneni kwanza afisa maji wa wilaya. Bila fundi wake kuja kuiona chemchemi, msinunue hata mfuko mmoja.

Jipimieni wenyewe maji yanayotoka, na mpime mwishoni mwa kiangazi, Februari au mwanzo wa Machi, si katikati ya mvua. Zibeni pembeni kwa udongo ili maji yapite mahali pamoja, wekeni jerikeni ya lita 20, hesabuni sekunde. Rudieni mara tatu. Tuseme imejaa kwa sekunde 40. Hizo ni lita 30 kwa dakika, yaani jerikeni 90 kwa saa. Nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, inahitaji jerikeni sita. Nyumba 80 ni jerikeni 480, na chemchemi itazitoa kwa saa tano na dakika ishirini. Inatosha, ila watu hawaji kwa zamu: wanakuja alfajiri na jioni. Foleni itakuwepo. Wengi hapo husema tuweke mabomba mawili. Mabomba mawili yatagawana maji yale yale. Kinachopunguza foleni ni tangi dogo nyuma ya ukuta, linalokusanya maji ya usiku, na hilo lina gharama yake.

Kabla ya kuchimba, tembeeni upande wa juu wa mlima. Choo cha shimo kikiwa ndani ya mita 30 kutoka kwenye jicho la maji, jambo hilo limalizwe kwanza na mwenye choo pamoja na LC1. Ukuta mzuri hauzuii kinyesi kinachopita ardhini. Kampala chemchemi nyingi zina kuta imara na mabomba safi, na vipimo bado vimekuta maji yake yana vijidudu vya kinyesi, kwa sababu mtaa umejaa vyoo juu yake. Kwa hiyo hata baada ya kujenga, maji yapimwe, na watu waendelee kuyachemsha.

Kazi yenyewe huenda hivi. Fundi anachimba kuelekea mlimani hadi aone maji yanatoka kwenye jicho lenyewe. Nyuma ya ukuta hujazwa mawe yaliyooshwa, makubwa chini na kokoto juu, kisha udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, kisha karatasi ya nailoni, kisha udongo wa kawaida na nyasi. Zege la msingi ni 1:2:4, saruji kwa mchanga kwa kokoto. Rojo ya kujengea mawe ni 1:3. Ukuta umwagiliwe na kufunikwa kwa magunia au majani ya migomba siku saba. Wanafunzi hupenda kuiruka hatua hii kwa sababu haina picha, na ukuta unapata nyufa kabla hamjafanya mitihani.

Bomba la kutolea maji liwe chini kidogo ya kimo cha jicho la asili, kamwe lisiwe juu yake. Mkiyalazimisha maji yapande, yatatafuta njia nyingine pembeni, nanyi mtabaki na ukuta mkavu. Kutoka bomba hadi sakafu acheni kama nusu mita ili jerikeni isimame bila kushikwa. Juu ya chemchemi chimbeni mfereji wa kukata maji ya mvua, na chini muwe na mfereji wa kuondoa yanayomwagika, la sivyo patakuwa bwawa la mbu na ng'ombe watakuja kunywa hapo hapo. Zungusheni ua. Mikaratusi isipandwe karibu, inakunywa sana.

Sasa uongozi uko wapi? Uko kwenye karatasi mbili. Ya kwanza ni makubaliano ya mwenye ardhi, yenye saini yake, ya mke wake, ya LC1 na mashahidi, yanayosema njia na eneo la chemchemi ni vya wote. Yasipoandikwa, shamba likiuzwa mwaka kesho mnunuzi ataweka kufuli. Ya pili ni orodha ya kamati ya maji, yenye wanawake kwenye nafasi za maamuzi, na kiasi ambacho kila nyumba imekubali kuchanga kwa matengenezo. Kijiji kilete mawe, mchanga na nguvu kazi. Buganda wana desturi ya bulungi bwansi, watu kutoka kwa pamoja kusafisha visima na njia. Huko kwenu Bugisu wana namna yao ya kusaidiana. Ulizeni huitwa vipi na huitishwa na nani, muitumie hiyo, badala ya kubuni kamati yenye jina la klabu.

Tuligawa vibuyu chirizi 40, vile vya kunawia mikono, katika kijiji karibu na Soroti. Baada ya miezi miwili vilivyokuwa vinafanya kazi ni sita. Watu hawataki usafi?

Wanautaka. Neno la kuangalia katika barua yenu ni "tuligawa".

Kifundi, chunguzeni vitu vinne. Nguzo zimeliwa na mchwa: zichomwe kwa moto ncha za chini mpaka ziwe nyeusi, zichimbiwe sentimita 45, ziachane sentimita 60. Tundu la maji mmelitoboa kubwa: msumari mwembamba uliopashwa moto unatosha, kama sentimita 12 chini ya kifuniko, ili kibuyu kinapoinamishwa kwa mguu maji yachirizike badala ya kumwagika. Sabuni imeliwa na panya au imeyeyuka kwa mvua: itobolewe katikati, ifungwe kwa kamba na kufunikwa na kopo lililogeuzwa. Na chini hakuna kokoto, kwa hiyo pana tope na watu wanakwepa.

Lakini hata mkirekebisha yote hayo, jerikeni ya lita tano ni mali. Ikiwa maji yako mbali, mama ataichukua akachotee, na ana haki. Safari ijayo jengeni kimoja tu, nyumbani kwa mhudumu wa VHT, kisha kila nyumba ijenge chake kwa kibuyu chake na nguzo zake. Nyinyi mtoe kamba na msumari. Wapewe wiki mbili, ndipo mpite kuhesabu. Watakaojenga watakuwa pungufu ya 40, lakini vyao vitadumu, na mtapata jina la mtu mmoja katika kila nyumba anayejaza maji. Mara nyingi huwa ni mtoto wa miaka kumi.

Mtunza hazina wetu anapokea michango yote kwenye namba yake ya simu. Ni mwaminifu, hatuna shida naye. Lakini baadhi wameanza kunong'ona. Tufanyeje bila kumvunjia heshima?

Mnamvunjia heshima sasa hivi, kwa kumwacha peke yake na pesa za watu. Mwaminifu ndiye anayehitaji utaratibu zaidi, kwa sababu siku simu ikiibiwa hatakuwa na chochote cha kujitetea.

Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, wawili wakihitajika kila pesa inapotoka. Benki itaomba katiba, muhtasari wa kikao na barua ya utambulisho. Kama hilo ni refu kwa muhula mmoja, ombeni pesa zipite ofisi ya mlezi wa wanafunzi, mvumilie ucheleweshaji wake. Simu ibaki kwa malipo madogo, na kiwango cha juu cha kukaa humo kiandikwe.

Anayenunua asiwe anayetunza pesa, na anayetunza asiwe anayeandika daftari. Watu watatu. Daftari liwe na safu tano: tarehe, kilichonunuliwa, kilichoingia, kilichotoka, salio. Kila Jumapili jioni ukurasa upigwe picha na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp, hata wiki ambayo hapakuwa na matumizi. Minong'ono hulishwa na ukimya.

Kijijini muuza mchanga hana risiti. Andaeni vocha zenu: jina lake, namba ya simu, kitu na kiasi, bei, saini au dole gumba, na saini ya mjumbe mmoja wa kamati ya kijiji aliyeona mchanga ukishushwa. Kwa ununuzi mkubwa pateni bei za maduka matatu kwa maandishi.

Na kwenye bajeti kuna vitu ambavyo wanafunzi husahau kila mwaka. Kutoa pesa kwenye simu kuna kodi ya asilimia 0.5 tangu 2018, mbali na ada ya kampuni: ukitoa shilingi 1,000,000, kodi peke yake ni 5,000. Kuna usafiri wa boda kutoka barabara kuu hadi kijijini, ambao kwa mradi wa miezi minne unaweza kumeza zaidi ya saruji. Kuna chakula cha fundi. Kuna asilimia kumi ya dharura, ambayo haiguswi bila kikao.

Watu wakija kwenye mkutano wanauliza posho. Tuwape?

Hapana, na mseme hivyo mapema, siyo mwisho. Mkimpa mjumbe mmoja nauli kwa siri, mkutano unaofuata utakuwa na watu kumi wanaoijua siri. Maji ya kunywa na chai kwa wote hayana ubaya. Anayefanya kazi ya siku nzima ya ufundi alipwe kama fundi, kwa vocha.

Kwenye orodha tuko 30, wanaofanya kazi ni wanane. Mimi ni mwenyekiti. Nimeshatishia kuwafuta, haikusaidia. (Kyambogo)

Waulize hao 22 kazi yao ni ipi. Kama jibu ni "mwanachama wa kamati ya uhamasishaji", hiyo si kazi, ni cheo cha kujificha. Mtu hujifunza kuongoza pale tu ambapo asipofika kitu kinaanguka na wote wanaona ni chake. Ukimpa kitu kisichoanguka, hana sababu ya kuamka Jumamosi.

Vunja kamati kubwa. Tengeneza vikundi vya watano, kila kimoja kikiwa na matokeo yanayoonekana kwa macho: tripu mbili za mchanga zimefika kabla ya tarehe fulani, nyumba 20 zimetembelewa na majina yake yako daftarini, mkataba wa mwenye ardhi umesainiwa. Ndani ya kikundi kila kazi iwe na jina la mtu mmoja. Kazi yenye majina mawili haina mwenyewe.

Anzisha kitabu cha maamuzi. Si muhtasari mrefu wa "mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe". Ni mistari tu: tumeamua nini, nani atafanya, lini, na kama uamuzi ulipingwa, nani alipinga na kwa hoja gani. Kikao kinaanza kwa kusoma mistari ya wiki iliyopita. Dakika 45 zinatosha. Mtu akisomewa jina lake wiki mbili bila kitu mkononi, huna haja ya kutishia. Atafanya, au ataaga mwenyewe.

Viongozi wa vikundi wabadilishwe, lakini si kila wiki kama wafanyavyo wengi wakidhani ni haki. Anayeongoza wiki moja anamwachia mwingine matatizo yake. Wiki nne ni kiwango cha chini, ili aliyefanya uamuzi mbaya awepo siku unapoanza kuuma.

Na wewe mwenyekiti, angalia kama hao wanane si marafiki zako. Mara nyingi kikundi kidogo kinachofanya kila kitu kimewafungia wengine mlango bila kujua: vikao saa tatu usiku bwenini, habari zinazopita kwa watu wawili, utani wa shule moja. Mwanafunzi anayeishi nje ya chuo na anayewahi taksi ya saa kumi na mbili hawezi kuja huko.

Mimi ni msichana, mwaka wa tatu wa uhandisi. Kila mradi mimi ni katibu, na siku ya kazi napelekwa jikoni. Nikilalamika naambiwa sitaki kushirikiana.

Usilalamike siku ya kazi. Lilete kwenye kikao cha kugawa majukumu, likiwa pendekezo: upishi ni zamu ya kila kikundi, wanaume ndani yake, na zamu inabandikwa ukutani pamoja na zamu ya zege. Kisha omba kazi moja ya kifundi kwa jina lake, kwa mfano kupima maji ya chemchemi na kukagua mchanganyiko wa zege. Ukikaa na ndoo ya kupimia mchanga, hakuna mfuko unaofunguliwa bila wewe.

Jambo jingine ambalo viongozi wa kiume huwa hawalifikirii: malazi. Kikundi kikilala kijijini, wasichana wawe na chumba chenye kufuli, choo kilichoonekana kwa macho mapema, na mtu wa kupigiwa simu ambaye si mwanafunzi mwenzao. Hakuna anayetembea peke yake baada ya giza. Haya yaandikwe kwenye mpango wa safari, siyo kuombwa kama hisani.

Fulana za mradi ni lazima?

Kitambulisho cha chuo kinatosha. Gharama ya fulana 30 inaweza kulipia mabomba, na fulana zikishatoka watu hudhani mradi umekwisha.

Tunataka kufanya kazi na wakimbizi Nakivale, na wengi wetu tunazungumza Kiswahili vizuri. Je, lugha si tatizo tena?

Kiswahili kitawafungulia milango kwa Wakongo na kwa Warundi wengi, ingawa chao si kile cha darasani, na mkianza kuwasahihisha mmekwisha. Lakini Nakivale, iliyoko Isingiro na inayopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ina Wasomali na Wanyarwanda pia, na wenyeji wa jirani wanazungumza Kinyankore. Wazee wa pale wengi hawana Kiswahili. Tafuteni wakalimani watu wazima, mmoja mwanamke, walipwe. Mtoto asitumiwe kukalimani mambo ya mama yake.

Ruhusa hapa haianzi kwa LC1. Makazi ya wakimbizi yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mtahitaji barua yao, kisha kuripoti kwa kamanda wa makazi, kisha viongozi wa kamati za ustawi za wakimbizi, RWC, ambazo zimepangwa kwa ngazi kama LC. Bila barua mtarudishwa, na aliyewarudisha hana kosa. Ombeni mapema, wiki sita kabla ni heri kuliko mbili.

Hatari kubwa ni kuandika majina. Mkimbizi akiona kijana ana kalamu na orodha, anafikiria mgao wa chakula au safari ya kuhamishiwa Ulaya au Marekani. Semeni kabla ya kufungua daftari, na mseme tena mwishoni: orodha hii haihusiani na chakula wala safari. Msiandike namba za kadi za ukimbizi. Picha za watoto zisipigwe bila ridhaa ya mzazi, na sheria ya Uganda ya 2019 ya kulinda taarifa binafsi inawahusu na nyinyi wanafunzi.

Na wenyeji wasisahaulike. Mipango ya wakimbizi Uganda hulenga angalau asilimia 30 ya manufaa iende kwa jamii inayowapokea. Mradi mdogo ukifuata kipimo hicho hicho, utaepuka ugomvi ambao klabu haiwezi kuusuluhisha.

Mwenyekiti wa mradi wetu anataka kugombea urais wa gildi, yaani serikali ya wanafunzi. Na diwani wa huko kijijini amejitolea mifuko ya saruji, ila anataka bango lake pale kisimani.

Yote mawili ni swali moja. Mwenyekiti ana haki ya kugombea. Siku anapochukua fomu aache kutia saini za benki na kusema kwa niaba ya mradi, hadi kura zihesabiwe. Makamu ashike. Picha za kijijini zisiingie kwenye mabango ya kampeni. Liwekeni hili kwenye katiba ya klabu kabla hajapatikana mgombea, kwa sababu likija baadaye litaonekana limetungwa dhidi yake.

Diwani, saruji yake ipokewe na kamati ya kijiji, iandikwe kwenye daftari kama mchango wa mtu mwingine yeyote, na isomwe mkutanoni. Bango hapana. Akikataa, shukuruni na mwacheni aende nayo. Kisima chenye sura ya mwanasiasa hupoteza wachangiaji wa upande wa pili, na pampu haichagui chama inapoharibika.

Ninafundisha Gulu. Nataka kuupa mradi alama. Uongozi unapimwaje, na kwa nini kila mwaka kazi hufa wakati wa mitihani?

Mwalimu, tuanze na la pili. Kazi hufa kwa sababu ya kalenda. Muhula una wiki 15 za masomo na mbili za mitihani. Muhula wa kwanza unaanza Agosti, na Gulu huo ni wakati wa mvua: njia ni tope, watu wako shambani, mvua huharibu zege bichi. Mvua zinapokatika, wanafunzi wako kwenye chumba cha mitihani. Kiangazi chenyewe, Januari hadi Machi, kinaangukia mwanzo wa muhula wa pili. Kwa hiyo usiubane mradi mzima ndani ya muhula mmoja. Wa kwanza uwe wa ruhusa, kusikiliza, kupima na bajeti. Wa pili ujenge wiki tisa za mwanzo, ukabidhi wiki mbili, kisha uache. Ziara ya ukaguzi iwekwe kipindi cha likizo ya Juni na Julai, hata kama ni ya wanafunzi wawili.

Alama: usizipe saruji. Kikundi kilichopata kijiji rahisi kitashinda bila kuongoza chochote. Tungependekeza 30 kwa kitabu cha maamuzi, hasa maamuzi yaliyobadilishwa na sababu zake. 30 kwa mahojiano ya mtu mmoja mmoja ya dakika kumi, ukimuuliza kuhusu kazi yenye jina lake. 20 kutoka kwa wenzake. Na 20 kutoka kwa kamati ya kijiji. Hiyo ya mwisho ikusanye mwenyewe, bila wanafunzi kuwepo, kwa maswali ya wazi: walifika saa waliyosema? Pesa mlizijua? Kuna ahadi imebaki? Ukiwauliza "waliongoza vizuri?" watakujibu ndiyo, kwa kuwa ni wageni na wewe ni mwalimu wao.

Kikundi kilichosimamisha mradi kwa sababu kijiji kilikataa, na kikaandika kwa nini, kipate alama za kutosha kufaulu vizuri. Ukikiangusha, mwaka unaofuata utasomewa ripoti za uongo.

Faili la makabidhiano liwe na nakala mbili, moja ya chuo na moja ya LC1: mkataba wa ardhi, majina na namba za kamati, daftari la pesa, mchoro wenye vipimo, jina la duka lililouza bomba na saizi yake, na orodha ya mambo ambayo hayajakamilika. Hiyo orodha isainiwe na kikundi kinachoondoka na kinachoingia wakiwa wamesimama mahali penyewe. Ikisainiwa ofisini, watakaoingia wataikana wiki ya pili.